Sufuria Moja Chafu kwa Matumizi ya Serikali

Nchi hii huwezi kuiona kwenye ramani, na sababu yake si siri. Siku ramani mpya ya bara ilipoletwa kukaguliwa, afisa wa zamu katika Wizara ya Mng'aro aliona alama ndogo ya kahawia kati ya ziwa na milima. Akachukua dodoki lenye unyevu, akaisugua mpaka ikatoka. Baadaye ilibainika kwamba alama ile ilikuwa nchi yenyewe. Afisa alipandishwa cheo kwa kuwa alikuwa amesugua vizuri, na wananchi wakaendelea kuishi palepale, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waondoke.

Miaka minane kabla ya mambo ninayoyasimulia, Kiongozi Mkuu alikuwa ametoa Tamko la Usafi Kamili. Lilikuwa fupi. Alisema: "Ndugu wananchi, leo Jumatatu, saa nne asubuhi, uchafu umekwisha." Makofi yalipigwa dakika arobaini, na vumbi lililotimka uwanjani kutokana na makofi hayo halikutajwa katika taarifa ya habari.

Tangu siku hiyo kumiliki kitu kichafu kukawa kosa la kwenda Chuo cha Kutakata miaka miwili. Watu walizoea upesi. Sufuria iliyoungua ilisemwa kuwa imechoka. Shati la juzi lilikuwa limechoka. Mtoto aliyeanguka kwenye matope alirudi nyumbani amechoka mpaka masikioni. Na kwa sababu sauti ya kusugua ingeweza kumfikia mjumbe wa mtaa na kumtia majonzi, kila nyumba iliosha vyombo ikiwa imefunga mlango, huku wote waliomo wakiimba kwa nguvu. Mgeni aliyepita nchi hiyo saa nane mchana, baada ya chakula, alisikia taifa zima likiimba. Wengi waliandika makwao kwamba hawajaona watu wenye furaha kama wale. Sina sababu ya kuwapinga.

Madodoki waliyosugulia yalitoka katika kiwanda kimoja tu, nyuma ya ofisi ya posta. Mwenye kiwanda aliitwa Bi Sikudhani Mchopa. Alikuwa amepika katika bweni la shule kwa miaka kumi na mmoja, akisugua masufuria makubwa kwa stilwaya mpaka vidole vyake vikakosa alama. Alipoacha kazi alijifunza mwenyewe, kwa kujaribu na kuharibu, namna ya kutengeneza kitu cha kusugulia kisichoumiza mkono. Alikiandikisha kama Kiwanda cha Kuongeza Mng'aro, kwa maana sheria ilikataza uchafu lakini haikukataza kilicho safi kisafishwe zaidi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Nyuzi za nailoni huja zimefungwa marobota. Huchambuliwa kwa mashine yenye meno mpaka ziwe kama pamba, zikatandazwa tabaka juu ya tabaka, zikanyunyiziwa gundi iliyochanganywa na unga wa mawe, zikapitishwa katika tanuri. Kinachotoka ni blanketi refu la kijani, gumu, lenye kukwaruza, ambalo hukatwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Siri yote imo katika unga. Ukiwa na chenga kubwa unaichubua sufuria. Ukiwa laini mno unaibembeleza tu.

Aliyesimamia unga na tanuri alikuwa Fundi Mwinjuma, mtu mrefu aliyekuwa akijaribu kila fungu kwenye kisigino chake cha kulia. Kisigino hicho kilikuwa laini kama cha bibi harusi. Cha kushoto alikiacha kama kilivyo, kwa ajili ya kulinganisha.

Walikuwa wafanyakazi ishirini na sita. Nataja idadi hiyo kwa sababu ndiyo iliyomkosesha usingizi Bi Sikudhani ilipokuja barua.

Barua ilisema kwamba kuanzia tarehe thelathini ya mwezi huo, kila bidhaa itabeba Alama ya Ubora. Kiwanda kisichokuwa na Alama kitafungwa, na mashine zake zitang'olewa na kuhifadhiwa mahali pasafi. Ili kupata Alama, dodoki lijaribiwe na Ofisi ya Vipimo. Fomu ya maombi ilikuwa na vipengele kumi na vinne. Bi Sikudhani alijaza kumi na vitatu jioni ileile. Cha tisa kilisema: *Mwombaji aambatishe sampuli ya uchafu wenye kibali, sufuria moja.*

Alikisoma mara tatu, akampa Mwinjuma.

"Uchafu wenye kibali ndio upi, kaka?"

"Labda ule wa zamani, bosi. Uliokwisha."

"Uliokwisha nitauambatisha vipi?"

Mwinjuma akafikiri. "Kwa pini?"

*

Afisa wa Ofisi ya Vipimo alifika tarehe tano. Aliitwa Bwana Selestini Ngulumbi, mtu mpole aliyevaa glavu nyeupe na kubeba mkoba wenye Kadi ya Mng'aro. Kadi hiyo hapo awali ilikuwa na namba moja hadi kumi. Kumi ilikuwa paji la uso la Kiongozi Mkuu siku ya sherehe. Namba zilizo chini ya tano zilikatwa kwa mkasi baada ya Tamko, kwa kuwa hazikuhitajika tena.

"Mama, madodoki nimeyaona, mazuri," alisema. "Sampuli ya uchafu iko wapi?"

"Si mngekuja nayo nyinyi, baba'ngu? Nyinyi ndio wenye maabara."

Bwana Ngulumbi akatazama nyuma yake, kisha dirishani. "Mimi? Mama, mimi ni mtumishi wa umma. Nina watoto."

"Sasa dodoki utalijaribu kwenye nini?"

"Kwenye uchafu."

"Ambao haupo."

"Ambao haupo kabisa, mama. Asante kwa kulisema hilo, nitaliandika."

Mwinjuma akavua kiatu cha kushoto. "Bwana mkubwa, jaribu hapa. Hiki sijakigusa tangu kiwanda kifunguliwe."

Bwana Ngulumbi alikiinamia kisigino kile kwa muda mrefu, kwa hamu ya kitaalamu, kama daktari aliyeletewa ugonjwa aliousoma vitabuni. Akanyanyuka kwa masikitiko. "Haiwezekani, fundi. Kisigino si uchafu. Kisigino ni mwananchi."

"Basi pima bila uchafu," alisema Bi Sikudhani.

"Nikipima bila uchafu, mama, nitaandika kwamba dodoki halikuondoa kitu. Dodoki lisiloondoa kitu halina ubora. Nitakufungia."

Hakuyasema hayo kwa ukali. Alipoondoka aliacha ushauri, akiunong'oneza mlangoni: uchafu ambao haupo nchini unaweza kuagizwa kutoka nje.

*

Uliagizwa. Serikali yenyewe ilifurahia wazo hilo, kwa kuwa lilithibitisha kwamba uchafu ni bidhaa ya kigeni. Zabuni ilitangazwa, na nchi jirani ikaleta kreti lenye sufuria ishirini zilizotoka katika hoteli ya stesheni, zikiwa na masizi nje na mabaki ya maharage ndani, kila moja ikiwa na cheti chenye picha.

Tatizo lilikuwa mpakani. Kwa sheria, hakuna kitu kinachoingia nchi hiyo kabla hakijaoshwa. Hata kuku wa abiria huoshwa. Maafisa wa mpaka walikesha wakiziosha sufuria zile kwa sabuni na madodoki, wakaziosha tena asubuhi, na kreti likafika kiwandani likimetameta, na juu yake muhuri: UCHAFU ULIOSAFISHWA, DARAJA LA KWANZA.

Bi Sikudhani aliuona uso wake katika sufuria zote ishirini, moja baada ya nyingine. Ilikuwa tarehe kumi na saba.

"Zimeoshwa na nini?" aliuliza.

Mwinjuma alichungulia ndani, akapapasa kwa kidole. "Dodoki letu, bosi. Naijua mikwaruzo yake." Alishindwa kuficha fahari. "Umeona chini palivyotoka?"

*

Ndipo ikaundwa Kamati ya Kuunguza Wali.

Wazo lilikuwa la Mwinjuma, lakini katika barua ya kuteua wajumbe lilikuwa la Waziri. Uchafu usipoweza kuletwa, ilisema, utazalishwa hapa hapa chini ya uangalizi, na wazalendo saba wenye umri usiopungua miaka hamsini na mitano. Mwenyekiti alikuwa katibu mkuu mstaafu, mzee mnene mwenye adabu nyingi. Bwana Ngulumbi alikuwa mwandishi. Kamati ilikutana katika ua wa kiwanda, na Mwinjuma akapewa kazi ya kupika.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la watu wale. Kwao ukoko hautupwi, na hausuguliwi wala kulowekwa maadamu unatafunika. Ni wa mkubwa wa kikao. Mpishi huubandua ukiwa mzima, akauleta kwa mikono miwili, na mkubwa asipoula huwa amemwambia mpishi mbele za watu kwamba hajui kupika. Watu wamekosana ukoo mzima kwa ajili hiyo.

Siku ya kwanza Mwinjuma aliunguza kwa kiasi. Ukoko ulitoka wa dhahabu, wa duara, kama kifuniko. Akauleta. Mwenyekiti akaula wote, akapangusa mdomo, ndipo akakumbuka.

"Ndugu wajumbe, nadhani tumekula sampuli."

"Umekula wewe, Mwenyekiti," alisema mjumbe mmoja aliyekuwa akiutamani.

"Nimekula kwa niaba ya Kamati."

Siku ya pili waliagiza uungue zaidi. Mwinjuma aliacha moto mpaka moshi ukafika posta. Ukoko ulikuwa wa kahawia iliyokolea. Mwenyekiti aliutazama kwa huzuni ya wajibu, na Mwinjuma alikuwa amesimama mbele yake ameushika kwa mikono miwili. Akaula. "Una uchungu kidogo," alisema, "lakini una heshima yake."

"Mzee wangu, si ungeukataa tu?" alisema Bi Sikudhani.

"Nimkatae fundi? Mbele yako? Binti, mimi nimelelewa."

Siku ya tatu ulikuwa mweusi, ukisikika kama kigae. Mwenyekiti aliuomba na chai. Sufuria iliyobaki haikuwa na hata punje, kwa maana Mwinjuma alikuwa mpishi hodari na ukoko wake uliachia wenyewe. Taarifa ya Kamati, yenye kurasa sitini, ilisema kwamba uchafu wa kutosha ulizalishwa kwa siku tatu mfululizo, na wote ukatumika katika shughuli za kikao. Wajumbe walipewa nishani. Mwenyekiti alipewa dawa ya tumbo.

Ilikuwa tarehe ishirini na tisa.

Jioni hiyo wafanyakazi hawakuondoka upesi. Walikunja aproni zao taratibu kuliko kawaida, na mmoja, mama mwenye mapacha aliyekuwa akikata vipande, alimwuliza Bi Sikudhani kama aje kesho na kisu chake au akiache nyumbani. Bi Sikudhani alimwambia aje nacho. Hakujua kwa nini alisema hivyo.

*

Tarehe thelathini alikuja Waziri wa Mng'aro mwenyewe, Mheshimiwa Fidelia Luhende. Alikuja na utepe mwekundu, mkasi, bendi, na hotuba mbili. Hotuba moja ilikuwa ya kukitunuku kiwanda Alama ya Ubora. Nyingine ya kukifunga. Zilifanana mpaka ukurasa wa nne. Kwa hiyo aliweza kuanza kusoma kabla hajajua anasoma ipi.

"Ndugu zangu," alisema, "hakuna taifa lililowahi kung'aa kama hili. Sisi si taa. Sisi ndio swichi!"

Bendi ikapiga. Alipofika ukurasa wa nne alisimama, akamgeukia Bwana Ngulumbi. "Afisa, sampuli ipo?"

"Haipo, Mheshimiwa."

Waziri akachukua hotuba ya pili. Akakohoa. Wafanyakazi ishirini na sita walikuwa wamejipanga mbele ya tanuri, na yule mama wa mapacha alikuwa ameshika kisu chake kwa mikono miwili kama mshumaa.

"Ipo," alisema Bi Sikudhani.

Alikuwa amebeba kikapu. Akakifunua, akatoa sufuria namba sita, yenye masizi mazito nje na mkono mmoja uliolegea, na ndani imegandiwa na maharage ya juzi. Akaiweka juu ya meza ya Waziri, juu ya kitambaa cheupe.

"Hii ni yangu," alisema. "Ya nyumbani. Niliacha maharage motoni, jirani akanipigia hodi, tukaongea mambo ya mtoto wake. Haijachoka. Ni chafu."

Mpiga tarumbeta alishusha tarumbeta. Kwa miaka minane hakuna aliyelisema neno lile hadharani juu ya kitu chake mwenyewe, na watu walilitazama kama mtu aliyerudi kutoka safari.

"Unajua unachosema, mama?" aliuliza Waziri.

"Najua, Mheshimiwa. Miaka miwili. Lakini kwanza lipimwe dodoki, halafu nichukuliwe. Sina haraka."

"Dada Siku!" Mwinjuma alimshika mkono. "Acha, niseme ni yangu."

"Yako wewe? Wewe hujawahi kuunguza maharage. Usinivunjie heshima ya sufuria yangu."

Kisheria ombi lilikuwa sahihi: fomu ilikuwa kamili, kipengele cha tisa kikiwemo. Bwana Ngulumbi alitoa Kadi ya Mng'aro, akaisogeza karibu na sufuria, akaishusha mpaka ilipokatwa na mkasi, na hapakuwa na namba. Akaandika: *Kabla: chini ya kadi.* Akavua glavu. Akachukua dodoki la kijani, akalitia maji, akaanza.

Msuguo wa kwanza ulisikika mpaka barabarani. Wa pili na wa tatu pia. Watu walitazamana kwa fadhaa, maana kwa miaka minane hakuna aliyeisikia sauti ile ikiwa uchi. Ndipo likatokea jambo ambalo halimo katika taarifa yoyote rasmi. Bwana Ngulumbi, akiwa ameinama na mikono imeshika kazi, alianza kuimba. Hakukusudia. Mkono wake ulizoea kusugua na mdomo ukiimba, na ulipoanza mmoja, mwingine ulifuata. Mama wa mapacha akapokea. Kisha wote ishirini na sita, kisha bendi, kisha madereva waliokuwa nje. Waziri alikaza midomo mpaka ubeti wa pili, mabega yake yakaanza kwenda, na kwenye kiitikio aliingia kwa sauti ya tatu, safi sana, sauti ya mtu aliyeosha vyombo vingi maishani.

Walipomaliza, kila mmoja alitazama viatu vyake.

Sufuria ilikuwa inang'aa ndani na nje. Kadi ilisoma nane, na pembeni karibu na mkono, nane na nusu. Bwana Ngulumbi aliandika: *Baada: nane. Dodoki limefaulu.* Akagonga muhuri wa Alama kwenye fungu la kwanza, na ishirini na sita wakapumua kama mtu mmoja.

"Vizuri," alisema Waziri, akirudisha uso wake wa kazi. "Sasa mkamateni mwenye sufuria. Kielelezo kiletwe."

Askari wawili wakaja. Wakaiangalia sufuria, wakaigeuza, wakaangaliana.

"Mheshimiwa," alisema mmoja, "kosa lenyewe ni kumiliki sufuria chafu. Hii ni safi."

"Ilikuwa chafu. Nimeiona."

"Mheshimiwa umeona uchafu?" aliuliza askari, na akatoa daftari.

Waziri akasita. "Hapana," alisema upesi. "Nimeona sufuria. Ngulumbi, kielelezo kiko wapi?"

"Nimekisugua, Mheshimiwa. Misuguo hamsini na miwili, mbele yako, kwa mujibu wa kanuni."

"Hakuna kilichobaki? Hata chembe?"

"Hata chembe. Huyu mama hawezi kushtakiwa popote. Ushahidi wote umetoka."

Waziri alisogea mezani kwa hasira. Akalichukua dodoki lile juu ya meza, akalikamua, akaligeuzageuza. Uso wake ulilainika polepole. Akamvuta Bi Sikudhani kando, nyuma ya robota la nailoni, na aliposema tena alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya dhahabu.

"Dada'ngu, linaondoa ushahidi wote?"

"Wa maharage, Mheshimiwa, ndio."

"Na wa karatasi? Kuna ripoti ya daraja. Lile la mtoni, lililozinduliwa halafu likawa halipo. Tume inakuja ofisini kwangu Jumatano."

Bi Sikudhani alikuwa mkweli. "Kwa karatasi hatujajaribu. Unga wetu ni wa sufuria."

"Jaribuni," alisema Waziri. "Nataka elfu arobaini."

Yalitengenezwa. Kiwanda kiliajiri watu wengine kumi na mmoja, mama wa mapacha akawa msimamizi wa meza ya kukatia, na Mwinjuma alipewa unga laini zaidi na ruhusa ya kujaribu kisigino cha pili. Tume ilifika Jumatano. Nimeisoma taarifa yake neno kwa neno. Inasema wajumbe walikuta ofisi safi kuliko zote walizowahi kuzikagua. Hawakuona ripoti, hawakuona kabati la ripoti, na walipopelekwa eneo la tukio hawakuona dalili ya daraja kuanguka, wala daraja, wala mto.

Wafanyakazi watatu wa kiwanda wanakaa ng'ambo ya mto huo. Kila asubuhi wanafika kazini wakiwa wamelowa mpaka kiunoni. Bi Sikudhani huwapa kanga kavu na chai ya moto, na kwa heshima aliyonayo kwa serikali hajawauliza wamelowa wapi.